Rampe Iliyokataa Kunukia

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hakutia jani kwenye sufuria ya wali bila kulifunga fundo kwanza. Ndiyo maana watu wote wakamwita Mama Fundo. Jina la kuzaliwa analo na mimi nalijua, lakini nikiliandika hapa hakuna jirani atakayejua namsema nani. Hata yeye mwenyewe ukimwita kwa jina hilo hageuki.

Jani lenyewe ni la rampe. Kwa asiyeijua, rampe ni mmea wa majani marefu membamba, yamekunjika katikati kama yamepigwa pasi. Hautoi ua wala tunda. Ukiutazama huoni sababu ya kuupenda, na ukiunusa ukiwa bado shinani, hauna habari na wewe. Mpaka jani ulikate, linyauke kidogo, kisha lipate mvuke wa wali. Hapo nyumba nzima inajua kwamba leo kuna chakula cha maana. Na haupandwi kwa mbegu. Unasubiri mmea utoe vichipukizi pembeni, unakibandua kimoja na vijizizi vyake, unampa mwenzako. Kwa hiyo kila rampe ina mama yake, na rampe zote za mtaa wetu mama yao alikuwa mmoja, ile iliyokuwa kwenye sufuria kuukuu iliyotoboka, kando ya ukuta wa bafu letu, mahali ambapo jua linafika asubuhi tu na maji ya kuogea yanapita.

Mama Fundo alikuwa mpishi wa hosteli ya wanafunzi wa uuguzi. Alipika pale tangu ni msichana mpaka walipomwambia apumzike, na hakupenda kuambiwa. Jiko lao lilikuwa banda la bati lenye mlango mmoja, kuta nyeusi kwa moshi, sufuria ambazo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Saa ya ukutani ilikuwepo, lakini ilikufa zamani na hakuna aliyehangaika nayo. Wifi alikuwa anasimama mlangoni, uso kaunyanyua kidogo kama mtu anayesikiliza, halafu anasema, "Epueni." Wakiepua, wali umeiva, haujashika chini, haujabaki na kiini. Wasichana wakimaliza masomo walikuwa wanarudi kumuaga na kumwomba kichipukizi. Wengine walikwenda nacho mbali, kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji.

Pua ya mwanamke yule, mimi niliichukia kabla sijaiheshimu. Juma nililoolewa nilibandika maharage, nikaingia ndani kupanga nguo zangu. Yeye alikuwa chumbani kwa mama yake, upande wa pili wa ua, mlango umefungwa. Nikasikia sauti yake, taratibu kabisa, "Wifi, maharage yanakuita." Nikatoka mbio. Yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kushika. Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. Nilinuna siku nyingi, na kusema kweli mpaka leo nikibandika maharage siingii ndani.

Alikuwa anajua maziwa yatakayoganda kesho. Alikuwa anajua kaka yake kavuta sigara hata kama katafuna karafuu njia nzima. "Kaka, hizo karafuu umezichoma?" anamwuliza, na mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, anaangalia chini.

Mume wangu alipofariki, mwanawe wifi, fundi wa mafriji, akamhamisha mama yake akaja kukaa vyumba viwili vinavyotazamana na vyangu. "Nakuja kukutunza," wifi akaniambia. Nikamjibu, "Nani kakwambia natunzwa?" Akasema nyumba hii ya baba yake, atakaa hata kama nimenuna. Tukaishi hivyo, kila mtu na ulimi wake, na mchana tunakula sahani moja.

Sasa nieleze yaliyotokea.

Kipindi cha baridi tulipata mafua wote wawili. Ya kwangu yakaja yakaondoka. Ya kwake nayo yakaondoka, akaacha kukohoa, akarudi jikoni, tukasema amepona. Lakini wali ukaanza kubadilika. Kwa kawaida sufuria yetu ni jani moja. Akatia mawili. Kisha nikaona anafunga kishada, fundo kubwa kama ngumi. Wali ukatoka na rangi ya kijani, na uchungu kwa mbali.

Mwanawe alikuja siku moja kula kwetu, akageuza geuza kijiko. "Mama, huu wali tunakula sisi au tunampelekea mbuzi?"

"Rampe imepoa," akasema Mama Fundo. "Siku hizi hainukii. Usipotia nyingi ni sawa na bure."

"Inanukia mpaka barabarani," nikasema.

"Wifi, wewe pua yako ya mapambo."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Ningejua nisingecheka.

Akaanza kuihangaikia rampe. Alisema udongo umechoka, akaimwaga sufuria, akaijaza udongo mpya na majivu. Akangoja, akakata jani, akalisugua viganjani, akalipeleka puani. Akatikisa kichwa. Akatia samadi. Akasema kivuli kimezidi, akaiburura mpaka katikati ya ua, jua la mchana kutwa. Majani yakageuka njano, kisha ncha zikakauka kama zimechomwa. Mimi nilimwambia, "Wifi, mmea unauchosha." Akanijibu kwamba yeye na rampe wanajuana tangu mimi sijajua kuwasha jiko, na kama nina maji ya kumwaga nikayamwage kwenye mchicha wangu.

Siku ya siku akaing'oa. Nilimkuta ameshika shina lile nene, mizizi inaning'inia, anaikagua kama daktari. "Ina ugonjwa," akasema. "Ona, huu mzizi mweusi." Mzizi mmoja ulikuwa mweusi kweli. Mizizi ya mmea uliohamishwa hamishwa hivyo itakuwaje? Akaitupa jalalani, na vichipukizi vyake vyote.

Akavuka kwenda kwa mshonaji, jirani yetu, mwenye cherehani barazani. Huyu rampe yake ilikuwa imenenepa vizuri sana, ameipanda kwenye ndoo ya rangi. Mama Fundo akakata jani, akalisugua, akalinusa. Nilikuwa nimemfuata, nikiwa na nguo yangu ya kushonwa pindo.

"Hata hii," akasema.

"Hata hii nini, Mama Fundo?" mshonaji akauliza.

"Imeshikwa. Haina harufu. Ugonjwa umeingia mtaani. Ing'oe kabla haijaambukiza, upandie mchaichai."

Mshonaji akachukua lile jani, akalinusa. Nilimwona. Harufu ilimfikia, maana hata mimi niliyesimama upande wa pili wa cherehani ilinifikia. Akamtazama Mama Fundo, akatazama jani, akalinusa tena, safari hii kwa mashaka, kama mtu anayejiuliza yeye ni nani hata aamini pua yake mbele ya mwanamke huyu. Kisha akasema, "Kweli, imepungua."

"Imepungua nini?" nikasema mimi. "Inanukia."

"Mama, yeye ndiye anayejua," mshonaji akaniambia.

Wakaing'oa. Na siku zile zote Mama Fundo akawa anapita nyumba hadi nyumba na kanga yake begani, anakata, anasugua, ananusa, anasikitika. Watu wakamsikiliza. Wangemkatalia vipi? Alikuwa amewalisha wauguzi wanaowauguza, na kila rampe waliyokuwa nayo yeye ndiye aliyeitoa. Mwenye mmea akiambiwa na mwenye asili ya mmea kwamba mmea umekufa, hana neno. Wakang'oa. Jalala la mwisho wa mtaa likajaa majani yale, na jua lilipoyanyausha yakanukia vile ambavyo sijapata kusikia yakinukia. Nilipita pale nikasimama. Takataka zote zile, maganda na majivu na vumbi, na juu yake harufu ya wali wa sherehe. Nikawa sina la kufanya nayo. Nikaenda zangu.

Yangu mimi sikuing'oa. Ninayo moja nyuma ya pipa la maji, kwenye beseni lililopasuka. Alinipa mwenyewe zamani, tukiwa tumepatana baada ya ugomvi nisioukumbuka. Aliponiambia niing'oe nilimwambia sijawahi kuamriwa na wifi na sitaanza nikiwa na mvi. Wala sikuwa nimejua lolote. Ulikuwa ubishi wangu tu wa kawaida.

Nilijua siku ya maharage.

Nilikuwa nimekwenda kuchota maji kwenye bomba la mtaa. Narudi, tangu kwenye kona nikaona moshi juu ya ukuta wetu, nikasikia ile harufu kali ya maharage yaliyoungua mpaka yakawa mkaa. Nikatupa ndoo. Nikaingia mbio nikidhani wifi kaanguka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mgongo kalipa jiko, ungo mapajani, anachambua mchele. Anaimba kawimbo. Sufuria iko nyuma yake hatua chache, moshi unampita begani, unakwenda zake juu. Yeye anatoa changarawe, anatupa. Anatoa changarawe, anatupa.

Nilisimama. Neno la kusema nilikuwa nalo, lile lile lake la juma la ndoa yangu, nimelingoja maisha yangu yote. Halikutoka. Nilikwenda nikaepua sufuria kwa ncha ya kanga.

Akageuka. Akaona sufuria, akaona moshi, akaniona uso wangu.

"Umerudi mapema," akasema.

"Wifi," nikamwambia, "rampe haina ugonjwa. Ni pua yako."

"Pua yangu imefanya nini?"

"Haifanyi. Tangu yale mafua."

Alisimama, mchele ukamwagika. Yale aliyoniambia sitayaandika yote. Alisema nimemwonea wivu tangu nimeingia nyumba ile. Alisema nimekuwa namwagia mimea yake maji ya sabuni. Alisema kaka yake alikula chakula changu kwa kumcha Mungu. Mimi si mtu wa kunyamaza, watu wote wanajua, lakini nilinyamaza, kwa sababu alikuwa anasema huku anavuta hewa kwa pua, anavuta, anavuta, kama mtu anayevuta kamba ya kisima akasikia ndoo haipo.

Tukakaa bila kusemeshana. Sahani zikawa mbili.

Nikamwita mwanawe, fundi wa mafriji. Nikadhani yeye atamwambia. Mtu anayesikiliza mashine akajua kilichoharibika, mama yake atamshindaje? Akaja, akakaa, mama yake akamwekea chai, akasema, "Mwanangu, mke wa mjomba wako anasema mimi sina pua." Kijana wa watu akanywa chai yote. Akasema, "Rampe nayo siku hizi, mama, hata za sokoni si kama zamani." Nikatamani kumpiga kofi.

Lakini akampeleka hospitali, kwa kisingizio cha kifua. Mimi nikaenda nao bila kualikwa. Daktari wa pua alikuwa kijana mpole, akamulika kwa kitochi, akamnusisha hiki na kile kwenye vichupa. Mama Fundo alikuwa anajibu kwa kubahatisha. "Karafuu." Ilikuwa kahawa. "Sabuni." Ilikuwa karafuu. Daktari akaweka vichupa chini taratibu, akasema mafua mengine huondoka na kunusa, kwa wengine kunarudi, kwa wengine hakurudi, na kwa umri wa wifi hawezi kuahidi. Dawa hakumwandikia. Alisema anuse nuse vitu nyumbani, asikate tamaa.

Tukiwa nje Mama Fundo akasema, "Yule daktari mwenyewe ana mafua, hukusikia anavyoongea?"

Alikuwa ananiambia mimi. Ndivyo tulivyoanza kusemeshana tena. Lakini hakuwa amekubali, na mimi nilikuwa nimechoka kumbishia. Nitambishiaje? Kitu chenyewe siwezi kumwonyesha. Angekuwa haoni ningemshika mkono. Angekuwa hasikii ningempigia kelele.

Akajionyesha mwenyewe.

Asubuhi moja nilimwona nyuma ya pipa la maji, ameinamia beseni langu. Nikakimbia kidogo, nikidhani anaing'oa. Alikuwa anakata jani moja. Jani moja tu, la nje, karibu na shina, kama inavyotakiwa. "Hii hukuing'oa," akasema. "Ubishi wako huo." Akaenda nalo jikoni na akanifungia mlango.

Alipika sufuria mbili ndogo za wali. Moja alitia fundo, nyingine hakutia kitu. Wali ulipoiva akatoa fundo, akalitupa, akapakua sahani mbili zinazofanana, akazifunika. Akamwita mshonaji kwanza. Akamwambia, "Ninusie hapa na hapa, niambie rampe iko wapi. Usiponiambia kweli, wali wangu usiule tena." Mshonaji akainama, akafunua moja, akafunua ya pili, akaonyesha ya kushoto. Akatolewa nje, nikaitwa mimi. Nikaonyesha ya kushoto. Mwanawe alikuwa amepita na mfuko wake wa vifaa, akaitwa naye. Yeye aliangalia uso wa mama yake kwanza, atafute jibu linalotakiwa. Mama yake akamwambia, "Usinitazame mimi. Nusa." Akanusa. Ya kushoto.

Tukawa tumesimama mlangoni wote watatu. Mama Fundo akaichukua sahani ya kushoto mikono miwili, akaiinua mpaka usoni. Akavuta hewa. Akaishusha, akachukua ya kulia. Akarudia ya kushoto, akaizamisha pua kabisa, mpaka punje za wali zikabaki zimemganda puani. Siku nyingine ningemcheka mpaka nianguke. Mshonaji aligeuka akatazama ua. Mwanawe akawa anafunga na kufungua zipu ya mfuko wake.

"Basi ni mimi," akasema.

Hakulia. Alijifuta punje kwa upindo wa kanga, akaturuhusu tule. Tukala wali wa sahani zote mbili, hakuna aliyeweza kusema ni mtamu.

Baadaye, wenzetu walipoondoka, ndipo akasema, "Wifi, nimewang'olesha watu mimea mizima."

Nikasema itaota mingine.

"Itaota kutoka wapi?"

Nyuma ya pipa, pembeni ya shina la rampe yangu, kulikuwa na vichipukizi viwili, kimoja hakijafika hata kidole. Rampe haina haraka. Uivute, uitie samadi, uiimbie, itatoa kichipukizi siku inayotaka yenyewe. Tulikwenda tukakaa mbele yake, vikongwe wawili, kwenye vigoda, tukaitazama kama watu wanaongoja basi. Mtaa mzima unangoja nyuma yetu na haujui. Mshonaji kwenye ndoo yake ameshapanda mchaichai. Mama Fundo akaanza kutaja nyumba moja moja, huyu alimng'olea, na yule, na wale wenye mtoto mchanga. Alitaja mpaka akachoka. Sikumkatiza. Kitu kingine cha kumfanyia sikukiona.

Sasa tunapika pamoja. Yeye anapima maji, anaosha mchele, anakata jani na kulifunga fundo, vidole vyake bado vinajua. Mimi ndiyo pua. Anakwenda kusimama mlangoni, pale pale kama alivyosimama hosteli, uso kaunyanyua, mazoea tu, na ananiuliza.

"Umeiva?"

"Bado."

"Rampe imetoka?"

"Imetoka."

"Inanukiaje?"

Hapo ndipo anaponiweza. Mimi niliyewashinda kwa maneno wauza samaki na makondakta, hapo sina kitu. Nilimwambia inanukia kama mchele mpya. Akasema mchele mpya ni mchele mpya. Nikamwambia kama nguo iliyokauka juani. Akasema hiyo ni sabuni. Nikasema kama maziwa yanapokaribia kuchemka. Akafikiri kidogo, nikadhani nimepata. Akasema, "Hapana, wifi. Hujui kunusa wewe. Hukuwahi kuhitaji."

Kweli sikuwahi. Alikuwa ananusa yeye kwa nyumba nzima.

Jana aliuliza tena. Nilikuwa nimeinama juu ya sufuria, mvuke unanipiga usoni, ile harufu imejaa jiko lote, imeshika nguo zangu, imeshika nywele zangu. Nilitafuta neno kila mahali. Nikamwambia, "Inanukia kama rampe."

"Hilo najua," akasema.

Akanigeuzia mgongo pale mlangoni. Halafu akauliza, "Niepue?"

Nikanusa. Sikuwa na hakika. Nikamwambia epua.